Atakayesimama Nyuma Yangu

Makanyagio, Jumamosi, Septemba 1996

Joto limenibana tangu asubuhi, na upepo unaleta moshi wa mashamba yanayochomwa. Nimejifungia chumbani kwa sababu shangazi bado amekasirika.

Kipaimara ni Jumapili ya wiki ijayo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kumpelekea katekista jina la msimamizi, yule atakayesimama nyuma yangu na kuniwekea mkono begani mbele ya askofu. Shangazi alishachagua: mke wa mwenye duka la vitambaa. Wengi hapa hufanya hivyo. Msimamizi mwenye uwezo hununua gauni na viatu, hata soda.

Mimi nilimtaka Mama Kostansia wa Katumba.

Alikuwa jirani yetu kule. Mama yangu alipolazwa hospitalini, nilishinda kwake. Alikaa barazani akichambua majani ya tumbaku, amenipa mgongo, nami jikoni nasonga ugali wangu wa kwanza. Hakugeuka. Ila moto ulipozidi alisema, “Punguza kuni, wee mwana.” Ugali ulitoka na madonge. Akaula wote. “Umeiva,” akasema, “na madonge nayo yameiva.”

Mama alipofariki, shangazi akanileta mjini. Mpaka leo, nikikwama kwenye hesabu, naikumbuka harufu ya tumbaku kwenye kanga ya Mama Kostansia.

Shuleni, kusimamia ni mwalimu kuzunguka kati ya madawati wakati wa mtihani mpaka nakata hata jibu lililo sahihi. Kwenye shamba la shule ni kiranja na fimbo yake. Kamusi inasema ni kuangalia kazi ifanyike. Lakini kwa Mama Kostansia nilijua ninaangaliwa, na sikuogopa.

Sijui kamusi ingeandika nini hapo.

“Huyo atakununulia nini?” shangazi aliniuliza jana. “Majani ya tumbaku?” Binamu zangu wakacheka.

Leo nilikwenda sokoni, ambako Mama Kostansia huleta maharage kila Jumamosi. Nikazunguka magunia yake nikijifanya natafuta dagaa, mpaka akaniita.

“We, unanunua au unalinda?”

Nikamwambia. Akazitazama kandambili zake.

“Mbele ya askofu, mimi?”

“Wewe, mama.”

Akamfungia mteja maharage kwanza, polepole, ndipo akanigeukia. “Nitakuja mapema, nipate kunawa miguu.”

Nikaenda moja kwa moja kwa katekista, nikataja jina. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie.

Nikarudia.

Shangazi amesema gauni nitalitafuta mwenyewe. Basi nitavaa sketi ya shule. Kesho asubuhi tutaongozana kwenda misa, naye atakuwa amenuna njia nzima. Ila jina silibadilishi.