Nimeanza Bila Ruhusa

Saint-Josse, 15 Machi 1995

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako. Mgongo unaendeleaje? Mvua za Bukavu zimekuachia siku ya kuanika mihogo? Sisi tu wazima, watoto wanasoma, na baridi ya huku ugenini bado haijatuua.

Mama, najifunza Kiingereza. Usicheke. Familia moja inayosema lugha hiyo imekubali nilee watoto wao, kwa hiyo kila Jumamosi napanda kwenye chumba kilicho juu ya duka la mikate la Mturuki, kwa mwalimu Berthe, Mkongo mwenzetu aliyekulia Nairobi.

Jumamosi iliyopita tulifundishwa maneno ya mianzo. Kuna begin na start. Kuna launch, la wenye kuzindua makubwa. Na kuna from scratch, yaani kuanza mikono mitupu. Hilo nililipenda mara moja. Halafu kila mtu akaombwa aseme alichoanza mwaka huu. Polycarpe alisema ameanza kujifunza udereva. Précieuse akasema ameanza kumsahau mchumba wake, tukacheka sana. Zamu yangu ilipofika nilisimama na nguo zangu nyeusi, nikasema mimi bado sijaruhusiwa kuanza, nikaketi.

Unaijua amri ya shemeji Modeste: mjane haanzi kazi mpaka ndugu wa mume waje kuanua matanga. Tangu tumzike Jérôme huu ni mwaka wa tatu. Kila nikimpigia simu huko Bukavu ananiambia, bon, bamemunyima viza tena, donc ningojee. Juu ya kazi hii alifoka kwamba nikianza nitaleta kifo kingine nyumbani. Nimechoka, Mama! Jérôme nimemlilia kwa machozi yangu mwenyewe.

Najua utasema mila ni mila. Lakini ulipofiwa na Baba, mashemeji zako walikaa mtaa wa pili. Walikuja, wakakunyoa, wakala, ikaisha.

Sasa nikuungamie. Jumapili baada ya misa niliwaita majirani, nikapika sombe, tukamwombea Jérôme, nikavua nyeusi mbele yao. Hakuna aliyenituma. Jumatatu nilivaa kitenge cha njano nikaenda kazini, na sitarudi nyuma.

Wasalimie wote, hasa dada Myriam. Kifurushi anachokuletea Victorine pamoja na barua hii si zawadi yako, unisamehe. Ni nguo zangu nyeusi, nimezifua na kuzipiga pasi. Mpelekee Modeste. Akiyataka matanga, anayo.

Binti yako akupendaye,
Sidonie