Barafu ya Mkaguzi

Naja, usicheke. Nimejificha stoo ya shule.

Unakumbuka ile barafu niliyoiopoa ghubani, nikaiweka kwenye friza ya jikoni niwaonyeshe watoto vipovu vya hewa ya kale? Leo mkaguzi katoka Nuuk, mji mkuu, kuja kuniangalia nikifundisha, kwa hiyo jana niliibandika karatasi: BARAFU YA ZAMANI, YA MKAGUZI.

Arnannguaq mpishi kaivunjavunja, kamtilia mkaguzi kwenye maji ya kunywa. Yote.

Namuuliza, ananishangaa mimi. "Si umeandika mwenyewe? Barafu ya zamani ndiyo ya mgeni. Ulitaka nimpe maji ya bomba, watu watuseme?"

Ya mkaguzi, Naja. Mkono wangu mwenyewe uliandika ya mkaguzi.

Naingia darasani mikono mitupu. Mkaguzi kakaa nyuma, glasi tupu mkononi. "Haya mwalimu, barafu ya somo iko wapi?"

Akadakia Nivi, yule mdogo wa dawati la mbele: "Umeinywa, bwana mkaguzi."

Nikajikaza. Nikaeleza kwamba barafu ikiyeyuka, hewa iliyofungiwa humo maelfu ya miaka hutoka.

Mkaguzi akapiga mbweu. Ndefu.

Darasa zima likainama, likaandika kwenye daftari.