Waya Kichwani mwa Lazaro

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama, mguu umepoa, Mama ana nguvu, na vitunguu havijaozea shambani kwa mvua hizi. Mimi ni mzima wa mwili. Nimemkabidhi barua mkononi jirani yetu Modest, anayejaribu kurudi huko kwa njia za miguu, kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikisikia sauti yako nasema tu kwamba mdogo wangu Lazaro anaendelea vizuri, kisha nakata.

Unajua alivyoanguka: alikuwa juu ya keria ya gari pale Karatu, anafunga mizigo ya wageni wa Ngorongoro, kamba ikakatika, akatua kwa kisogo kwenye ukingo wa lami. Siku ile ile daktari wa hapa hospitalini aliniambia ubongo umevimba, na ukivimba unaweza kukosa hewa mtu akiwa amelala tu, asionekane kubadilika. Akataka kutoboa tundu dogo, apitishe waya mwembamba wa kupima oksijeni humo ndani. Nilikupigia. Ukasema asiguswe kichwa hadi ufike umwone kwa macho yako. Kisha maji ya mvua yakakata barabara ya Baray, ukashindwa kuja.

Baba, tundu lilitobolewa jioni ile. Nakuomba usome hadi mwisho.

Tangu hapo nimeishi na namba ya oksijeni ya ubongo kwenye skrini. Nesi Radhia alinieleza kuwa isishuke chini ya ishirini. Nikikaa nainuka, nikitoka nje narudi mbio, chai inapoa sijaigusa. Siku ya tatu, mchana, kifaa cha kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kilikuwa kinaonyesha tisini na nane, Lazaro katulia vile vile, lakini namba ya ubongo ikawa kumi na tisa, kumi na sita, kumi na moja. Nilipiga kelele. Radhia alikuwa ameshamwita daktari. Wakampa dawa ya kupandisha presha, wakarekebisha mashine ya kupumulia, na mimi nikawa nazunguka kitanda hadi Radhia akanikemea: "Dada Brigita, kaa chini, usije ukaanguka na wewe!" Ilichukua dakika arobaini kufika ishirini na tatu. Daktari alisema bila ule waya wangegundua wakati umeshapita.

Juzi wameutoa. Jana asubuhi Lazaro amefungua macho, akanibana vidole kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haujasogea, wala mguu wake. Daktari haahidi kitu, anasema ni miezi.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Daktari aliuliza kama mzazi ameridhia. Nilisema ndiyo, umekubali kwa simu, nikaandika jina lako Patrisi na kutia sahihi. Na si hilo tu. Namba ilipofika kumi na moja, nilishaanza kupanga maneno: Lazaro akifa, ningewaambia ukoo mzima kwamba wewe ndiye uliyeruhusu atobolewe. Ningekuacha ubebe kifo cha mwanao, Baba, nami ningelia pembeni yako. Sijui mtu aliyewaza hivyo alitoka wapi ndani yangu.

Barabara ikipitika, njoo. Ukinipa mgongo mlangoni nitaelewa, ila ingia ushike ule mkono wa kushoto.

Msalimie Mama, na majirani wote wanaotuombea.

Mimi bintiyo,
Brigita