Maneno ya Kizungu ya Kumeza

Amemeza, Nasimiyu. Leo asubuhi mwanao Wasike amemeza uji, vijiko sita. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, macho kwenye koo, nikaona kile kifundo kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka. Hakukohoa. Uji haukurudi kwa pua kama juzi. Nimepiga vigelegele mpaka Topista wa nyumba ya pili akaja mbio, akidhani kuna harusi hapa Walukuba na yeye hakualikwa.

Mwandishi ananisimamisha. Anasema barua haianzi hivyo, salamu kwanza. Haya. Mdogo wangu Nasimiyu, salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako Nabalayo. U mzima? Mgongo unasemaje? Huko Nakaloke mvua imeshika, ama ni mawingu tu ya kutudanganya? Yule mbuzi wako mwenye pembe moja bado anakula nguo kwenye kamba? Mimi niko sawa, nashukuru Mungu. Miguu inavimba jioni, asubuhi inarudi, basi tumezoeana. Anayeandika ni mzee Nicanor, yule aliyekuwa karani kwenye kiwanda cha nguo. Nimemwambia asikate neno langu hata moja, na akikata nitajua, maana nitamwambia anisomee.

Barua hii haipiti posta. Ouma ataibeba kwenye lori yake, yule Mjaluo dereva anayecheka kabla hujamaliza kusema. Ukishasomewa, ichome.

Na ule ujumbe wako kuhusu Bogere, yule jirani anayekunywa hapa kwangu, nimeupata. Kwamba ndugu zake Wasike watashuka Jinja Jumapili kumwuliza Bogere kwa nini aliuza mtoto wetu. Nitaujibu. Ila wacha kwanza nikueleze mtoto alitokaje, maana najua hulali ukijiuliza. Wengine wanaoingia kule hawatoki.

Wewe unajua alivyokamatwa tu. Kwamba walimngoja kwenye kizuizi cha barabara huku upande wa Iganga, wakaacha magari mengine yote yapite, wakafungua lori yake peke yake, wakaenda moja kwa moja chini ya magunia, wakatoa sabuni na chumvi ya magendo ya Kenya. Wakamchukua. Nyumba walikompeleka siitaji. Siku ya kwanza nilitaka kwenda kuuliza, Ouma akanishika mkono, akasema mama, kule ukienda kuuliza habari ya mtu unawekwa pamoja naye. Kwa hiyo nikakaa. Nikapika pombe ya malwa kama kila siku, nikawagawia wanywaji mirija, nikamwaga maji ya moto kwenye chungu, nikacheka na watu.

Sasa, kuna mtu anaitwa afande Masaba. Humjui. Ni Mgisu wa huko huko kwenu Mbale, tunasikizana lugha bila taabu. Alikuwa sajini, wakampandisha haraka haraka akawa kapteni, unajua siku hizi vyeo vinavyogawanywa. Halafu wakamwita kozi, huko kambini Kimaka. Na kozi ni ya Kiingereza! Mtu ameshika bunduki tangu ujana wake, shule alisoma miaka miwili, leo anapewa karatasi ya maneno kama mtoto. Kila mmoja alipewa karatasi yake na siku ya kusimama mbele ya wakubwa kueleza. Ya Masaba ilikuwa maneno ya kunywa na kumeza. Kumi na moja! Nikamwuliza Nicanor, Wazungu wana maneno kumi na moja ya kupitisha kitu kooni, ya nini yote hayo? Akasema hata yako zaidi. Nikasema labda ni kwa sababu kwao chakula ni kidogo, wanakisifu sana kikishuka.

Masaba hakutaka kumwuliza askari mwenzake. Wangemcheka, na waliomzidi elimu walikuwa wanangoja aanguke. Kwa hiyo akaanza kuja kwangu mchana, akijifanya ana kiu, karatasi ndani ya kofia. Akaniambia, mama, mimi hapana jua hii maneno, na nikianguka watanirudisha sajini. Nikamwita Nicanor amsomee.

Nicanor, andika hivi hata kama hupendi: ulimfundisha vibaya. Ulimwambia sipu ni kunywa kiasi kidogo kwa utaratibu, afande akakuuliza utaratibu ni kitu gani. Siku ya pili alishachanganya yote. Mimi nilikuwa nakoroga chungu, nikachoka kusikiliza. Nikamwambia, afande, weka karatasi chini, tazama watu wanavyokunywa. Mtazame Bogere. Anavuta mrija kidogo, anaacha, anafikiri, anavuta tena, mpaka wengine wanamaliza yeye bado yuko juu juu. Hiyo ndiyo sipu. Sasa mtazame Ouma. Huyo funda moja linajaza shavu, halafu koo linasema ngurumu, unalisikia mpaka barabarani. Hiyo ni galpu. Ouma akasimama akapiga saluti, akasema asante kwa cheo.

Slapu ni kunywa kwa kelele ya midomo, kama Topista na uji wa moto. Topista alinuna, akasema Kiingereza hakina adabu. Lapu ni ulimi, anavyokunywa mbwa. Swigi ni kuinua chupa na kurudisha kichwa nyuma, na hiyo askari wanaijua bila kufundishwa. Gazo ni kunywa bila kupumua, bila kuangalia kama kuna mwingine ana kiu. Hiyo nilimwambia alikuwa mume wangu Makokha, Mungu amrehemu, siku ya kupokea mshahara. Dren ni kumaliza mpaka chombo kinakauka. Liko moja linaitwa kwafu, hilo hata Nicanor anasema ni la nyimbo za zamani za Wazungu, mtu anakunywa kwa furaha na kikombe kikubwa. Mawili nimeyasahau. Na swalo ndiyo mama ya yote. Swalo ni pale kitu kinapoacha mdomo na kuwa cha tumbo. Mengine yote ni mapambo, lakini bila swalo mtu anakufa.

Hilo la mwisho nilisema tu, mdogo wangu. Sikujua nasema nini.

Wiki mbili akaja kila siku. Alikaa na mtu wa kila neno mbele yake, na mimi namwuliza, yule ni nani? Anajibu, galpu! Na yule? Sipu! Watu wakacheka hata wale wanaoogopa magwanda. Na kila siku nilitaka kufungua mdomo niseme Wasike, nikaufunga. Mtu ukimwomba bure anaweza kukataa, na akishakataa huwezi kumwomba mara ya pili.

Siku ya mtihani watatu walianguka, Masaba akapita. Alikuja Jumamosi mchana amenyoosha magwanda, anacheka meno yote. Chungu kilikuwa kimejaa, cha moto bado. Akaketi, akavuta, mrija wake ukaziba na machicha. Akatoa, akanyoosha mkono nyuma kwenye kamba ya mirija ya wageni bila kuangalia, akachukua mwingine, akavuta mafunda matatu. Watu wote wakaacha kuvuta. Ulikuwa mrija wa Makokha.

Mimi sikumtegea. Andika hivyo, Nicanor. Haya, asubuhi ile niliutoa kwenye msumari wake ndani, nikaufuta vumbi, halafu nikausahau kwenye kamba ya wageni. Nicanor anakohoa. Mwache akohoe.

Wewe unajua kwetu ilivyo. Mrija wa mzee aliyekufa haunywewi. Anayeunywea ameingia nyumbani, amekuwa mtoto wa mwenye mrija, na mama wa nyumba akimwomba jambo moja kabla chungu hakijapoa hawezi kusema hapana. Kwao Masaba ni vilevile, babake alikuwa mtu wa chungu. Alipoangalia ule mrija, akaona shanga za Makokha pale mwisho, uso wake ukabadilika. Akasema, mama, umeniua. Nikamwambia bado, mwanangu, kwanza niletee ndugu yako. Anaitwa Wasike, mtoto wa mdogo wangu, yuko kule ndani siku ya kumi na tisa. Nikamwongezea maji ya moto kwenye chungu kwa mkono wangu. Alikunywa mpaka mwisho, akaurudisha mrija kwa mikono miwili, akaenda.

Siku ya nne, saa sita mchana, gari lilisimama pale kwenye bomba la maji, wakamshusha Wasike mbele ya wanawake wenye ndoo. Masaba mwenyewe hakuwemo. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Wanasema amehamishwa mbali, kaskazini. Namwombea kila siku kama niwaombeavyo wangu.

Mtoto alikuwa mifupa, lakini mifupa inarudi. Shida ilikuwa koo. Walimpiga hapo na kitako cha bunduki. Maji ukimpa yanatoka puani. Daktari alisema mpeni kidogo kidogo, akaenda zake. Basi nikakumbuka ile karatasi. Nikasema tutapanda nayo kama ngazi. Wiki ya kwanza kitambaa kibichi kwenye midomo, anaramba: lapu. Wiki ya pili kijiko cha maji, ananyonya: sipu. Nilikuwa namwambia, leo wewe ni Bogere, kesho utakuwa Ouma. Na leo amefika swalo, vijiko sita, peke yake. Atakula, Nasimiyu. Mimi ndiye nimekuambia, na nikisema jambo la chakula sikosei.

Sasa ule ujumbe wako.

Kila nilipomwambia leo wewe ni Bogere, aligeuza uso. Nikadhani ni maumivu. Sauti ilipoanza kurudi akaniambia, mama mkubwa, mtu anayekunywa kidogo vile amekuja kusikiliza, hakuja kunywa. Akasema ni Bogere aliyemuuza. Topista akalichukua neno hilo, akalitembeza Walukuba yote. Watu wameacha kumsalimu Bogere. Alikuja hapa juzi, wakamwachia chungu peke yake, akavuta mara moja, akaning'iniza mrija wake, akaenda. Hakugombana na mtu. Mkewe Nangobi anachota maji mbali, kwenye bomba la chini, ili asitukanwe. Na sasa vijana wako wanakuja Jumapili, nami najua hawaji kuuliza.

Si Bogere. Ni mimi.

Nicanor ameacha kuandika, ananitazama. Andika. Ni mimi, Nabalayo. Siku mbili kabla hawajamkamata, kulikuwa na mgeni kwenye chungu, kijana amevaa suti nzuri, miwani nyeusi, anasema mama hii na mama ile. Aliona sabuni yangu kwenye beseni, kipande kizima, wakati Jinja yote inafua na majani ya papai. Akasema, mama, wewe ni mtu mkubwa, sabuni hii umeitoa wapi? Na mimi, unanijua, mtu akinisifu mdomo unafunguka wenyewe. Nikamwambia nina mtoto ana lori, anatoka Bungoma kama mtu anayetoka jikoni kwake, hakuna kizuizi kinachomjua, vitu viko chini ya magunia ya mahindi. Hata siku ya kupita nilimtajia. Nilikuwa najivunia mtoto, basi. Bogere alikuwa amekaa hapo, na ndiye aliyenikanyaga mguu ninyamaze. Nikamwambia atoe kiatu chake.

Yeye anajua tangu siku ile. Anatukanwa na anajua, na hajafungua mdomo kusema ni mama Nabalayo. Na mimi nimemwacha abebe, siku zote hizi, huku nasifiwa njia nzima kwamba nimemtoa mtoto kwenye mdomo wa simba. Nilisema acha kwanza amalize kupona, nitasema. Halafu nikasema acha kwanza ameze. Leo amemeza. Sina kingine cha kungojea.

Kwa hiyo wazuie vijana. Wakija Jumapili waje kwangu, mlango uko wazi, mimi ni mzee lakini nitasimama nje wanione. Ukitaka kukata undugu, kata. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, nitakupikia kuku, utanitukana umeshiba. Lakini kwa Bogere usiguswe hata ukuta wake. Kesho naenda kwake mimi mwenyewe na chungu kichwani, mchana, nipite mbele ya bomba watu wote wanione, nimwambie mbele ya Nangobi. Wasike bado sijamwambia. Nataka alisikie kwangu kabla hujafika wewe. Nicanor anauliza kama nina hakika tuitume. Nimemwambia aifunge na gundi, asinipe nafasi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na jirani yako Mariat, mwambie mbegu zake za mtama ziliota. Nisalimie na padri kama bado anauliza habari zangu. Mgongo upake mafuta ya nyonyo, uukande na jiwe la moto, usiendekeze vidonge. Mimi ni dada yako, mtoto wa kwanza wa mama yetu, Nabalayo, na hapo Nicanor ataweka

Ngoja. Wasike ananiita. Anasema njaa, anataka vijiko vingine. Nicanor, weka kalamu chini, nakwenda kumwambia sasa hivi, kabla sijachukua kijiko.