Geji ya Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba

Tangu asubuhi nakata bodi la trela la watu wa Kiegei. Bado upande mmoja. Geji ya oksijeni, inayopunguza presha ya mtungi, imenisumbua tena. Naiweka baa mbili na nusu, nafunga tochi ya kukatia nisogeze chuma, nikigeuka sindano iko nne. Inapanda yenyewe. Nikifungua tochi inashuka. Nikifunga, inapanda.

Nimemwambia Baba mkwe. Akaja, akagonga kioo kwa ukucha, akainama karibu kabisa kama anainusa. "Hii ina umri mkubwa kuliko ndoa yako," akasema. "Inadanganya kidogo tu." Nikasema sawa, Baba. Ndilo jibu langu siku zote. Mzee Chitanda alinifundisha kuchomelea kabla hajanipa binti yake. Karakana ni yake, mitungi ni yake. Kumwambia mkwe kwamba amekosea, mimi siwezi. Sijawahi.

Lakini haidanganyi. Geji ikidanganya, mpira wa gesi haujai. Nimeushika kwa mkono. Ulikuwa mgumu kama mti.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpira umechomoka.

Saa nne hivi. Nilikuwa nimefunga tochi, nimeilaza juu ya meza. Ukatoka mlio, mpira ukanichapa mkono wa kushoto, kisha ukawa unajirusha huku na huku sakafuni. Nimekimbilia mtungi nikafunga. Sindano ilikuwa imegota mwisho wa namba. Mkono umevimba, haujavunjika.

Baba mkwe alileta klipu mpya, akakaza. "Klipu ilichoka," akasema. Basi. Akarudi kwenye geti alilokuwa anachomelea.

Kama ningekuwa nimeshika tochi inawaka wakati ule. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 9 Oktoba

Amepiga simu Bi Zuhura, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja kule Nanganga. Pampu ya mkono ya kisima imekufa. Fundi pampu wao ameanza kuvuta mabomba juu, amefika katikati, kiungo kimoja kimeshika kutu. Wamekipiga spana mpaka spana imepinda. Wanataka kipashwe moto kwa gesi kilegee. Umeme pale kisimani hakuna, kwa hiyo mashine ya kawaida ya kuchomelea haisaidii. Kwa sasa bomba linaning'inia kwenye mnyororo.

"Mwanangu, huo mnyororo ukikatika, vyote vinazama," alisema. "Kisima ndicho hichohicho. Wanawake wanachimba mchanga mtoni kutafuta maji."

Baba mkwe akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaongea naye Kimwera, taratibu, akacheka. Ameahidi Ijumaa baada ya swala.

Kwa geji hii. Nimekaa kimya. Mimi ni mwoga, na naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusemea.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimezunguka maduka yote ya vifaa hapa Nachingwea. Geji za mitungi ya kupikia zimejaa. Ya oksijeni hakuna hata moja. Mwenye duka wa mwisho alinionyesha ya mtumba, imepakwa oili ing'ae. Nikairudisha mezani bila kuishika sana. Oili au grisi ikikutana na oksijeni inalipuka, ni kifo. Hilo nalo alinifundisha Mzee.

Nimempigia Benedikto, fundi wa Ruangwa anayewachomelea wachimbaji wadogo wa Namungo. Anayo mpya, haijatolewa kwenye boksi. Ila yuko machimboni mpaka kesho usiku, duka limefungwa. Jumamosi asubuhi atanipa. Nisichelewe, mchana anakwenda mpirani na hatamsubiri mtu.

Jumamosi. Na safari ya Nanganga ni Ijumaa.

Nimemwomba mke wangu aseme na baba yake. Somoe alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. "Baba hajawahi kunisikiliza kuhusu chumvi, atanisikiliza kuhusu gesi?" Baadaye kidogo akauliza mkono wangu unaendeleaje. Nikasema mzuri. Akaushika, akaufinya, nikaruka. Akasema, "Basi sema mwenyewe kabla haijafika zamu ya shingo."

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeificha geji. Nimefanya hivyo kabla hajafika, nimeifunga gazeti, nimeitia ndani ya debe la pumba nyumbani.

Baada ya swala alikuja na pikapu ya jirani. Akaona mtungi hauna kitu kichwani.

"Mkwe, geji iko wapi?"

"Nimeificha, Baba."

"Umeificha."

"Ndiyo. Kesho naleta mpya kutoka Ruangwa. Ile itaua mtu."

Jirani alikuwa anasikia. Hilo ndilo baya. Ningeweza kumvuta pembeni, sikufikiri. Baba mkwe alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Akasema miaka yote hii hajaua mtu. Akasema kuna watu wanakunywa maji ya shimo kwa sababu ya ahadi yake. Akaondoka kwa miguu.

Somoe alipeleka chakula kwake. Kimerudi hakijaguswa.

Bi Zuhura amepiga mara tatu. Mara ya tatu hakusema sana. Mjukuu wake anaharisha tangu jana, wamempeleka zahanati. Mtoto yule akizidiwa, nitasema nini? Kwamba nilikuwa sahihi?

Sijui kama ninaogopa geji au ninataka kushinda. Nimejiuliza tangu alasiri. Naogopa geji. Karibu nina hakika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nitaandika yote, mkono ukiuma nitapumzika.

Nimeondoka kwa pikipiki alfajiri, geji mbovu ndani ya begi. Ruangwa nimefika duka bado limefungwa. Barabarani watu tayari wana jezi na mavuvuzela. Benedikto kafika saa tatu, macho mekundu, vumbi la machimbo masikioni. Nikamwomba aifungue ya zamani kwanza, nione. Nilihitaji kuona.

Akaifungua juu ya karatasi safi. Ndani kuna kipande kidogo kinachoziba njia ya gesi ukifunga tochi. Kimepasuka, kimeungua pembeni. Kwa hiyo hakizibi. Presha ya mtungi inapenya polepole mpaka itafute pa kutokea. "Mmefanya kazi na hii?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akanitazama, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mlio ule ulinifurahisha, sitaficha.

Akanipa mpya. Akanionyesha kioo, namba, skrubu ya kurekebishia. Nikaifunga kwenye mfuko safi.

Simu ikaita. Somoe. "Baba ameondoka na pikapu, jirani ndiye anaendesha. Mitungi yote miwili imo. Amechukua geji nyingine, ile iliyokuwa kwenye sanduku lake chini ya kitanda."

Hiyo naijua. Ilistaafishwa kabla sijaoa. Nati yake ilikuwa na kutu, haizunguki. Nikamuuliza, amefanyaje mpaka ikazunguka? Akajibu, "Nilimwona na kopo la grisi."

Nilimpigia Baba mkwe, simu imezimwa. Nikampigia Bi Zuhura, ikaita ikaita, hakuna mtu. Nikawasha pikipiki.

Njia ya Ruangwa kwenda Nanganga naifahamu, lakini leo sikuona kitu. Mikorosho pande zote, watu wanaokota korosho, mtu mmoja alinipungia nikampita. Nilikuwa nahesabu moyoni. Amefika. Amekata maneno na wazee. Ameshusha mitungi. Sasa anafunga nati. Sasa anashika valvu. Nilikuwa naona mkono wake kwenye ile valvu, na uso wake upo karibu kabisa na kioo, kama anavyofanya siku hizi. Uso wake, si wangu. Nililia kidogo ndani ya helmeti. Ilikuwa safari ya saa nzima na zaidi, na kila kilima nilitega sikio.

Kisimani kulikuwa na watu wengi, wamekaa. Kimya. Nikaangusha pikipiki nikakimbia.

Baba mkwe alikuwa ameketi juu ya tofali, mgongo kwenye ukuta wa kibanda cha pampu. Geji ya zamani mapajani. Mtungi wa oksijeni pembeni, kofia yake haijafunguliwa. Nati ilikuwa inang'aa kwa grisi, na vidole vyake vyote.

Nikachuchumaa mbele yake.

Bi Zuhura ndiye aliyesema. Ni mama mfupi, mtandio umemteleza mabegani. "Aliniambia niwe namsomea sindano. Nikamwambia, baba, mimi namba hizi ndogo sizijui, soma mwenyewe. Tangu hapo amekaa."

Watu wengine walikuwa mbali kidogo. Baba mkwe akainamisha kichwa.

"Sindano siioni," akasema. "Naona weupe tu. Mwaka sasa."

"Baba."

"Nilikuwa nasikiliza. Gesi ikitoka naijua kwa mlio. Nikawa nasema inatosha." Akanionyesha vidole. "Na hii grisi nimepaka. Nilijua haifai. Nilijua, nikapaka."

Nikamwomba radhi kwa jana, kwa kumwaibisha mbele ya jirani. Akatikisa kichwa, sijui alikubali au alikataa. Nikachukua ile geji mapajani mwake, nikaipeleka mbali, nikaitia ndani ya pikapu.

Kisha nikaomba sabuni na maji. Hapo niliona aibu ya aina nyingine. Bi Zuhura alileta jagi la maji ya rangi ya udongo, ndiyo wanayokunywa. Akanimiminia bila kusema kitu. Nikanawa mpaka viwikoni. Akamnawisha na Baba mkwe, kidole kwa kidole, akamwambia neno kwa Kimwera. Mzee akatabasamu kidogo.

Nikafungua kofia ya mtungi. Nikapuliza gesi mara moja kutoa vumbi. Nikafunga geji mpya kwa mkono, nikakaza kwa spana. Nikalegeza skrubu. Nikawaambia wote warudi nyuma, nikasimama pembeni ya mtungi, si mbele, nikafungua valvu polepole sana. Sindano ikapanda, ikasimama. Nikaweka baa mbili. Nikafunga tochi, nikasubiri. Mbili. Nikasubiri tena. Mbili. Nikapaka povu la sabuni kwenye viungo. Hakuna hata kipovu kimoja.

"Imesimama?" Baba mkwe aliuliza kutoka alipokuwa.

"Imesimama, Baba. Mbili."

Kile kiungo kilipigana nasi. Nilikipasha mpaka kikawa chekundu, vijana wanne wakakamata spana, hakikutoka. Mnyororo ulikuwa unalia, na kila ukilia fundi pampu alifumba macho. Baba mkwe alikuwa amesogea. Akasema nisipashe bomba, nipashe soketi ya nje inayounganisha mabomba peke yake, na nizunguke, nisikae pahali pamoja. Nikafanya hivyo. Kikalegea. Bomba likapanda juu hatua kwa hatua, pampu ikatoka kisimani, na fundi akabadilisha mpira wake uliochakaa, wakaishusha tena. Jua lilikuwa linaelekea kuzama maji yalipotoka. Ya kwanza yalikuwa na kutu. Wanawake waliyaacha yatiririke, hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Mjukuu wa Bi Zuhura yuko bado zahanati. Wanasema anakunywa uji.

Nimechoka mno. Sina furaha bado. Nina uchovu tu, na kila nikifumba macho naona ile nati inang'aa.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikufanya kazi. Nimelala mchana.

Baba mkwe amekula kwetu. Somoe amejua habari ya macho, sikumwambia mimi. Amelia jikoni, kisha akatoka na sahani kama kawaida.

Jumanne, 15 Oktoba

Tumetoka hospitali. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari anasema yanasafishika, moja kwanza, jingine baadaye. Wamempa tarehe. Mzee alinishika bega kushuka ngazi, na hakuliachia tulipofika chini.

Mchana nimemalizia bodi la trela. Alikuja akakaa kwenye benchi, mgongo kwangu, anakunywa chai. Nilikuwa nakata bati la ubavuni. Bila kugeuka akauliza nimeweka ngapi.

"Tatu, Baba."

"Nasikia. Bati jembamba hilo, unalichana. Weka moja na nusu."

Nimeweka moja na nusu. Limekatika safi, halikuhitaji hata kupigwa tupa.