Mkono Wangu Kwenye Sufuria Yako

Mkahawa wa Mzee Teoh,
Kibanda cha kushoto,
Penang.
Ijumaa

Kwa dada yangu Siew Gaik, kibanda cha kulia,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu Mama alitufundisha kusalimiana hata tukiwa tumenuniana. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila tangu jana nina hasira. Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu aliye hatua sita tu kutoka ulipo. Lakini miaka tisa hatujasemeshana, na haya ninayotaka kukuambia hayasemeki mbele za watu. Bahasha nimeibandika kwa uji wa mchele ili Mzee Teoh asiichungulie. Isome ukiwa peke yako.

Jana asubuhi ulirudi mapema kutoka hekaluni, ukanikuta nimefunua sufuria yako ya mchuzi wa laksa, upawa mkononi. Ulipiga kelele mkahawa mzima ukageuka. Ulisema, "Miaka tisa umeshindwa kunipita kwa mapishi, sasa umekuja kuniharibia mchuzi?" Watu waliacha kula. Yule muuza magazeti akaniita nyoka, yeye ambaye kila siku namwongezea samaki bila kuombwa. Mzee Teoh akanivuta pembeni akanikumbusha kwamba mkahawa ni wake, na kama kufikia Jumapili sijatoa maelezo ya kueleweka mbele ya wapishi wote, nifungashe vyombo vyangu nitafute pa kwenda. Nikanyamaza. Mimi, Siew Lean, ambaye tangu utotoni sijawahi kukosa la kujibu. Najua ulidhani nimenyamaza kwa aibu. Nilikuwa nauma ulimi, dada, na bado unaniuma.

Lile la zamani nalo nitalisema, maana halijaacha kuniwasha. Mama alikuwa akimwaga mchuzi wa moto juu ya tambi na kuurudisha sufuriani mara saba, ili tambi zipate moto hadi ndani, ndipo aweke matango, nanasi na nanaa. Alipofariki tukabaki wawili kwenye kibanda kimoja, nami nikawa namwaga mara nne kwa sababu foleni ilifika barabarani. Ukanipokonya bakuli mbele ya wateja ukasema hiyo ni laksa ya mvivu, na kwamba Mama angeiona angelia. Alikuwa na wiki tatu tu kaburini! Ukanitajia machozi yake mbele ya watu wanaokula. Nikachukua sufuria ndogo nikahamia kushoto. Sote tukaandika "Laksa ya Mama Khaw" kwenye mabango yetu, na wageni hutupiga picha wakicheka.

Sasa sikiliza. Baada ya mwaka mpya wetu, uliugua homa, ukafunga kibanda wiki mbili. Uliporudi, Mwalimu Arokiasamy, mteja wako tangu enzi za Mama, mtu ambaye hajawahi kukanyaga upande wangu, akaja kuketi kwangu. Nilifurahi, sikufichi. Nikamtania kwamba hatimaye amepata akili. Hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Usicheke, Lean. Dada yako kanilisha maji ya bahari, nami nimemaliza bakuli zima kwa kumwonea haya."

Wiki ile wakamfuata wengine. Ilinipasa kushangilia. Badala yake nilimtuma mke wa Mzee Teoh aninunulie bakuli lako, nikaketi nyuma kwenye masinki nikala. Chumvi ilikuwa mara mbili, na ukwaju haukuwemo kabisa. Laksa bila ukwaju, kutoka kwako! Nilitupa kijiko nikalia kwa hasira, kwa sababu ule haukuwa mkono wako.

Nikaanza kukuchunguza. Siku kahawa ya Mzee Teoh ilipoungua, sote tuliziba pua. Wewe uliendelea kukata matango, ukauliza tumepatwa na nini. Jumanne iliyofuata nilipita karibu na ndoo yako ya samaki. Walikuwa wameoza. Nawe ulikuwa umeinamia ndoo ile, unawatoa miiba kwa mikono miwili, huna habari. Mtu angekula angelazwa hospitali, na jina la Mama lingekwisha siku hiyohiyo, kwako na kwangu.

Kwa hiyo ni kweli, Gaik, mkono wangu umo kwenye sufuria yako, na haukuanza jana. Kila asubuhi unapokwenda kuchoma udi, mimi huvuka zile hatua sita nikaonja. Chumvi ikizidi, naongeza maji na samaki niliokwisha kuwachambua. Ukwaju ukikosekana, natia. Wale samaki wabovu niliwamwaga nikakuwekea wa kwangu, kisha nikafunga kibanda nikasingizia tumbo. Hii ni wiki ya sita. Mwalimu Arokiasamy aliporudi kwako ulimwambia kwa sauti, ili nisikie, kwamba wenye kujua kula hawakai mbali muda mrefu. Mchuzi aliokuwa anakunywa niliuweka sawa mimi.

Na unajua kinachonichoma? Si matusi ya jana. Homa imekuchukulia harufu na ladha, nawe ukaona afadhali uwalishe watu chumvi kuliko kugeuka kushoto ukasema, Lean, njoo uonje. Nilipokuwa na miaka mitano ulinisimamisha juu ya kreti la soda, ukanitia upawa mdomoni, ukaniuliza kimepungua nini. Ulimi huu umeufundisha wewe. Sasa unauhitaji, na unaukalia kimya!

Jana neno moja lingenitosha. Ningesema tu kwamba husikii ladha, na mkahawa wote ungenielewa. Lakini leo nani angekula kwako? Ndiyo maana sikusema, na Jumapili sitasema. Mzee Teoh akitaka kunifukuza, na anifukuze.

Ila kesho sitavuka. Chemsha mchuzi wako, na kabla hujampa mteja hata mmoja, niletee upawa mwenyewe, mchana kweupe, kila mtu akiona, uniambie nionje. Watu watadhani tumepatana, waache wadhani. Usipouleta, nakuomba ufunge kibanda, kabla hujamdhuru mtu. Nami nitakiri jambo moja, na nitaliandika mara moja tu: zile mara nne zilikuwa za uvivu. Kuanzia kesho namwaga mara saba.

Nisalimie shemeji, mwambie ile dawa ya kuchua magoti yako ninayo, apitie aichukue. Wasalimie na watoto, ambao hunipungia mkono ukigeuka, usiwagombeze. Na ukija, njoo na upawa wa Mama, ule wa mbao. Huo mpya unatia mchuzi ladha ya bati, na hakuna aliyekuambia.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado amekasirika,

Siew Lean