Mitupo 289 ya Prosper Machage

CHAMA CHA BESIBOLI CHA VIJANA, KANDA YA MUSOMA, BUNDA NA BUTIAMA

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati ya Uteuzi kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, kwenye stoo ya vifaa vya chama, Nyasho, Musoma. Kikao kiliitishwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:25.

WALIOHUDHURIA
Bw. Machibya Lusato, Mwenyekiti na mjumbe wa Musoma
Bw. Kwangu Masanja, mjumbe wa Bunda
Bi. Ghati Nyamohanga, mjumbe wa Butiama
Bw. Isaya Magesa, Kocha
Bi. Pelagia Maregesi, Katibu

WAALIKWA
Prosper Machage, mtupaji, miaka 18, mkazi wa kisiwa cha Rukuba
Bi. Rebeka Machage, mama yake

WASIOHUDHURIA
Bi. Eunice, mtunza vifaa (msibani, kwa taarifa)
Mshauri wa Afya (nafasi iko wazi tangu mwaka 2023)

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi. Alikumbusha kwamba orodha ya vijana kumi wa kanda, kwa mpangilio wa ubora, inatakiwa kufika Dar es Salaam ifikapo Ijumaa. Huko vituo vitatu vya mafunzo vitachagua vijana kwa zamu, na kanda itakayotoa kijana wa kwanza kuchaguliwa itapewa nafasi mbili zaidi mwakani. Alisema kila mtu anajua jina la kwanza kwenye orodha yetu lilikuwa la nani.

Bw. Kwangu aliuliza kwa nini Mwenyekiti amesema "lilikuwa". Mwenyekiti alisema ulimi umeteleza.

KUMB. NA. 2/06/2025: TAARIFA YA UPIMAJI

Katibu alisoma taarifa. Kwa mujibu wa kanuni ya 11 ya chama, takwimu ya mchezaji haihesabiki wilayani mpaka mjumbe wa wilaya hiyo aishuhudie kwa macho yake. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya ugomvi wa mwaka 2022, ambapo kila wilaya ilidai wenzake wanapika namba. Kwa hiyo Prosper alipimwa kama ifuatavyo:

Jumatatu tarehe 2, Musoma: mitupo 88.
Jumatano tarehe 4, Bunda: mitupo 97. Betri ya mashine ya kupima kasi ilikufa kwenye mtupo wa 41. Bw. Kwangu aliagiza waanze upya kutoka mmoja, na ile 41 haimo kwenye 97.
Alhamisi tarehe 5, Butiama: mitupo 104.

Kasi ya juu ilikuwa kilomita 131 kwa saa. Hakuna kijana wa kanda hii aliyewahi kuifikia.

Bi. Ghati aliomba jumla. Katibu alisema ni 289, bila ile 41 ya Bunda. Bi. Ghati alisema hakuwahi kuijumlisha. Katibu alikiri kwamba naye, aliyeandika namba zote tatu kwa mkono wake, hakuijumlisha mpaka jana jioni. Katibu anaona aibu na ameomba hilo liandikwe.

KUMB. NA. 3/06/2025: BARUA YA HOSPITALI

Ilisomwa barua ya daktari ya tarehe 11 Juni. Kano ya ndani ya kiwiko cha kulia imechanika. Daktari ameandika kwamba kijana asirushe kitu chochote kwa mwaka mmoja, na kwamba akilazimisha, mkono huenda usirudi tena kufanya hata kazi za kawaida.

Mwenyekiti alimwomba Prosper anyooshe mkono. Aliunyoosha nusu, ukaishia hapo. Mwenyekiti alisema imetosha.

Kocha aliulizwa kama aliona dalili. Alieleza kwamba kule Butiama, baada ya mtupo wa sitini hivi, kijana alianza kukung'uta mkono kila akirusha. Aliulizwa kwa nini hakusimamisha zoezi. Alijibu kwamba Bi. Ghati alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba Musoma wanamficha mchezaji wao, na kama angesimamisha angeambiwa amehongwa. Bi. Ghati alikubali kuwa alisema hivyo. Aliongeza kwamba yeye pia aliona mkono ukikung'utwa, akadhani ni jasho.

Bw. Kwangu alisema Bunda hawahusiki kwa sababu kijana aliondoka Bunda akiwa anacheka. Prosper aliulizwa kama ni kweli. Alisema alikuwa anacheka.

KUMB. NA. 4/06/2025: JINA LIENDE AU LISIENDE

Mwenyekiti alipendekeza jina la Prosper libaki namba moja na barua ya hospitali isiambatanishwe. Alisema namba zilipimwa kijana akiwa mzima, kwa hiyo si uongo. Bw. Kwangu aliunga mkono. Alieleza kwamba siku ya uteuzi kila kijana hurusha mipira kumi tu, na kumi si mingi.

Prosper aliomba kusema. Alisema, "Andikeni tu. Mimi sijasema kama naumwa. Tangu nikiwa darasa la nne nilikuwaga narushia mawe kwenye miamba ya pale kwetu, sijawahi kushindwa. Hiyo kumi nitarusha."

Bi. Rebeka aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Yameandikwa:

"Mimi nauzaga ng'ombe mnadani Bunda, na kaka zangu. Mnunuzi wa kwanza akishamkimbiza ng'ombe kumwangalia miguu, wale wengine wanaangaliaga tu, kwa sababu wameona. Nyie wazee wangu mlikuwa watatu, na mtoto ni mmoja, na kila mtu anataka akimbizwe mbele yake. Alirudi na boti Ijumaa, nikamwekea ugali na samaki furu, akawa anakula na mkono wa kushoto. Nikamuuliza, akasema mkono umechoka. Sasa nauliza. Siku hizo tatu, kuna mtu hata mmoja alimwambia apumzike?"

Mwenyekiti alimwelekeza Katibu asiandike swali hilo. Katibu alisema kikao ni kikao, akaliandika.

Bi. Rebeka aliomba jina la mwanawe liondolewe. Prosper alisema, "Mama, usinifanyie hivyo."

Kura zilipigwa. Waliotaka jina libaki: Mwenyekiti na Bw. Kwangu. Waliotaka litoke: Bi. Ghati na Kocha. Kwa kuwa kura zililingana, Katibu alipiga kura kwa mujibu wa katiba. Alipiga litoke.

AZIMIO: Jina la Prosper Machage limeondolewa kwenye orodha ya mwaka 2025.

Prosper aliomba ruhusa ya kutoka. Alitia sahihi kwenye daftari la mahudhurio kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda juu ya mstari, kisha akaenda kukaa nje juu ya ndoo ya mipira. Bi. Ghati alilia. Mwenyekiti aliendelea na ajenda.

KUMB. NA. 5/06/2025: NAFASI YA KWANZA

Mwenyekiti alieleza kwamba sasa namba moja ni Mhoja Kaboja wa Bugwema, miaka 16, kilomita 122 kwa saa, aliyepimwa Musoma.

Bw. Kwangu alisema Bunda hawajamwona. Alinukuu kanuni ya 11. Alipendekeza Mhoja arushe Bunda Jumatatu, na Butiama Jumanne kama Butiama wanataka. Bi. Ghati alisema Butiama hawataki kuona mtu tena. Mwenyekiti alisema mjumbe mmoja hawezi kuizuia wilaya nyingine kutumia haki yake.

Katibu alipendekeza mitupo isizidi 30 kwa juma zima. Mwenyekiti alisema pendekezo ni zuri na litajadiliwa kwenye kikao cha Septemba. Katibu alitamka kwamba mashine ya kupima kasi imo kabatini, ufunguo anao yeye, na hautoi. Bw. Kwangu alisema mashine si lazima. Watamwangalia kwa macho, na kijana atarusha mpaka wajumbe waridhike.

AZIMIO: Mhoja Kaboja apimwe Bunda Jumatatu, saa 2:00 asubuhi. Katibu, Kocha na Bi. Ghati walipinga. Mwenyekiti aliamua kwamba kanuni haipigiwi kura.

KUMB. NA. 6/06/2025: MENGINEYO

Bi. Rebeka, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni na kusikia yote, aliuliza kama Mhoja ana mama. Kocha alisema anaye. Bi. Rebeka aliomba namba ya simu ya mama huyo. Mwenyekiti alisema taarifa za wachezaji ni siri ya chama na haziwezi kutolewa kwa mtu wa nje.

Katibu aliiandika namba hiyo kwenye kipande cha karatasi, akampa. Bi. Rebeka alipiga simu palepale, akiwa hajatoka mlangoni, na sauti ya mwanamke ikaitika.

Mwenyekiti alifunga kikao saa 7:50 mchana, kabla simu haijakatwa.

Mwenyekiti: (amekataa kutia sahihi mpaka kumb. na. 6 ifutwe)

Katibu: P. Maregesi, 14/06/2025. Haijafutwa.